Kufeli medikali: damu nayo inahitaji shahidi wa pili



Binti wa jirani yangu alifeli medikali mwezi wa Shaaban. Ukiishi mtaa wowote wa Mombasa, Malindi au Kwale huhitaji kuelezwa neno hilo. Medikali ni ule uchunguzi ambao kila anayetaka kwenda kufanya kazi Saudia, Qatar au Emirates huupitia: picha ya kifua kutazama kifua kikuu, damu kutazama ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C, na kwa wanawake kipimo cha mimba. Ukifeli umefeli. Pesa za ajenti hazirudi, na mtaa huwa umeshajua kabla hujashuka kwenye matatu.

Huyu alikutwa na homa ya ini B. Karatasi yenyewe ilikuwa na mstari mmoja uliopigiwa wino mwekundu: herufi HBsAg, na mbele yake neno la Kiingereza la kusema kwamba damu "imeitikia". Hakuna aliyekaa naye akamweleza. Ajenti ndiye aliyemsomea, tena kwa simu, akamwambia atafute kazi hapa hapa. Nyumbani shangazi yake akamtengea kikombe na sahani, kikombe kikatiwa alama ya rangi ya kucha kisije kikachanganyika. Na posa iliyokuwa ikizungumzwa ikanyamaza. Hakuna aliyesema imevunjika, hakuna aliyesema ipo. Mnajua wenyewe kunyamaza kwa posa kunavyouma.

Wiki tano baadaye mamake akanijia na ile karatasi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kuonekana na magazeti barazani. Mimi si daktari. Nina diploma ya uandishi wa habari, basi. Lakini nina rafiki wa tangu shule ambaye ni mtaalamu wa maabara, nikampigia. Aliuliza mambo mawili tu. Kapimwa mara ngapi? Mara moja. Amechanjwa karibuni? Hapo mama mtu akashtuka. Ndiyo, alichanjwa. Mwenzake aliye Jeddah alimshauri aanze chanjo ya homa ya ini B kabla ya safari, akachoma sindano ya kwanza siku tano kabla ya kwenda kupimwa.

Rafiki yangu akacheka kile kicheko kisicho na furaha. Chanjo ya homa ya ini B, alinieleza, hutengenezwa kwa kipande cha ganda la kirusi, kipande kisichoweza kumwambukiza mtu. Kipande hicho ndicho hicho kinachoitwa HBsAg. Kwa baadhi ya watu huonekana kwenye damu siku chache baada ya sindano, na imeandikwa kwamba kinaweza kuonekana hadi siku 18. Kwa hiyo kipimo hakikudanganya. Kiliulizwa kama kitu hicho kimo ndani ya damu, kikajibu kimo. Waliokosea ni waliolichukua jibu hilo wakalifanya hukumu.

Binti alirudiwa kupimwa katika hospitali nyingine, safari hii kwa mashine na si kwa kijiti, na akaongezewa kipimo cha pili kinachotafuta kama mwili wake umewahi kupambana na kirusi chenyewe. Vyote viwili vikatoka safi. Hakuwahi kuugua homa ya ini maishani mwake. Lakini viza ilikuwa imeshapita, na kazi imeshapewa mwingine.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizauliza, na nimegundua kwamba wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza, tulidhani "kipimo cha homa ya ini" ni kitu kimoja. Sivyo. Ni vipimo kadhaa, na kila kimoja kina swali lake. HBsAg ni swali la "kirusi kimo sasa?" Kikiendelea kuonekana kwa miezi 6 au zaidi, ndipo madaktari husema mtu ana homa ya ini B ya kudumu. Anti-HBs ni kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya lile ganda. Huyu akionekana, mara nyingi ni habari njema: umechanjwa ukashika, au uliugua ukapona. Halafu kuna anti-HBc, askari wa namna nyingine ambaye huja tu kwa mtu aliyekutana na kirusi chenyewe. Chanjo haimleti. Ndiyo maana kile kipimo cha pili cha binti wa jirani kilikuwa na uzito: kilionyesha kwamba huyo askari hakuwahi kuitwa.

Sasa fikiria ajenti asiyejua tofauti ya hayo, ameshika karatasi yenye neno "chanya" mahali fulani. Kwa HBsAg chanya ni tatizo. Kwa anti-HBs chanya ni kinga. Herufi mbili tatu za mwishoni ndizo zinazogawa heri na shari, na anayezisoma ni mtu wa kuuza tiketi.

Homa ya ini C ina utata wake, na kwetu Pwani utata huo una sura ya watu tunaowajua. Kipimo cha kawaida cha C hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili. Kingamwili za C zikishaingia damuni kwa kawaida hukaa miaka na miaka, hata kirusi kikiwa kimeondoka. Na kirusi hicho huondoka. Shirika la Afya Duniani linasema takribani watu 30 katika kila 100 hukishinda wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote. Waliobaki, tangu dawa mpya za vidonge zilipoanza kuidhinishwa kuanzia 2013, zaidi ya 95 katika 100 wanaweza kupona kwa kumeza vidonge kwa wiki 8 au 12 hivi. Kupona kabisa, si kutulizwa.

Namjua kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyepoteza miaka ya ujana wake maskani akijidunga. Sindano za kushirikiana ndizo barabara kuu ya kirusi cha C, na mji huu una vijana wengi waliopita barabara hiyo. Alitoka. Alinywa methadoni kila asubuhi mpaka akasimama, akatibiwa homa ya ini C, akapimwa kirusi baada ya matibabu, hakikuonekana. Leo anaswali safu ya mbele na ana kibanda chake cha kurekebisha simu. Mwaka jana akataka kwenda Ghuba kwa mjomba wake. Kituo kikampima kingamwili. Zikaitikia, kama zitakavyoitikia pengine mpaka atakapozikwa. Alitoa karatasi yake ya matibabu, aliyekuwa dirishani hakuitazama. Kapigwa anfiti.

Binti hakuwahi kuugua. Kijana aliugua akapona. Kwa ile karatasi ya medikali, wote wawili ni wagonjwa wa leo.

Nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wanaopenda kulaumu maabara kwa kila kitu. Kipimo cha kwanza kimetengenezwa hivyo makusudi. Wavuvi watanielewa. Ukitaka samaki yeyote asikuponyoke, unatupa wavu wenye macho madogo, na ukiuvuta utapata samaki, utapata na mwani na vijiti. Hakuna mvuvi anayepeleka sokoni kila kilichotoka wavuni. Anakaa ufukoni akachambua. Benki ya damu hutupa wavu wa namna hiyo: kila painti inayotolewa nchini inatakiwa kupimwa ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na ikiitikia kwa lolote haiongezwi mgonjwa. Sawa kabisa. Bora painti nzuri itupwe kuliko mbaya iingie kwa mzazi anayevuja damu. Lakini painti haina posa wala tiketi ya ndege. Ukimtendea mtu kama painti, umeacha kuchambua.

Tufanye hesabu kidogo, nimeifanya nyuma ya bahasha na rafiki yangu akaikagua. Si takwimu ya mahali popote, ni mfano. Tuseme watu 1,000 wanapimwa homa ya ini C, na kati yao 2 tu ndio wenye ugonjwa. Tuseme kijiti ni kizuri, kinawanasa wote 2, na katika kila watu wazima 100 kinamkosea mmoja tu. Wazima ni 998, kwa hiyo kinawakosea watu kama 10. Walioitikia jumla ni 12. Kumi kati yao hawana kitu! Kijiti ni kilekile, na dukani utaambiwa hukosea mara 1 tu katika 100, na ni kweli. Sasa badilisha: wapime watu 1,000 ambao 200 kati yao wanaugua. Watakaokosewa ni 8, na wagonjwa wa kweli ni 200. Hapo karibu kila anayeitikia ni mgonjwa. Maana ya jibu inategemea pia ni nani anayepimwa. Kijana wa maskani na msichana aliyetoka madrasa wakiitikia kijiti kimoja, majibu yao hayana uzito mmoja, na mtu mwenye elimu ya maabara analijua hilo. Dirisha la medikali halijui.

Halafu kuna hali ya kijiti chenyewe. Vipimo havitoki mbinguni. Kabla ya kutumika hupaswa kupimwa navyo: maabara huchukua damu ambazo majibu yake yanajulikana kwa uhakika, za wagonjwa na za wazima, wakaona kijiti kinapata ngapi na kinakosa ngapi. Hapa kwetu bodi ya wataalamu wa maabara ndiyo yenye kazi ya kukagua vifaa hivyo kabla ya kuuzwa, na KEMRI, kwa ushirikiano na Wajapani, iliwahi kutengeneza kipimo chake cha homa ya ini B kiitwacho Hepcell. Kwa hiyo ujuzi tunao. Tatizo ni yanayotokea baada ya kijiti kutoka kiwandani. Vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Nani asiyejua joto la Mombasa mwezi wa Februari? Kimaabara cha chumba kimoja chini ya bati, umeme umekatika, boksi la vijiti liko juu ya kabati. Na kijiti kina saa yake: mara nyingi husomwa baada ya dakika 15, na kikiachwa muda mrefu mstari hafifu unaweza kujitokeza ambao haukuwapo. Siku yenye foleni ya watu 80, ni nani anayetazama saa? Namuuliza swali hili kila mwenye maabara niliyekutana naye. Wazuri hunionyesha kipimajoto cha ukutani na daftari lake. Wengine hunionyesha mlango.

Makosa ya upande wa pili yapo pia, na nisiyafiche. Kingamwili za C huchukua wiki 8 hadi 11 hivi baada ya kuambukizwa kabla hazijaonekana, na HBsAg nayo huchukua wastani wa wiki 4. Aliyeambukizwa wiki jana atapimwa leo atoke safi, na bado ni mgonjwa. Kwa hiyo wale wanaorudi nyumbani wakipeperusha karatasi ya "hasi" kama cheti cha uchamungu, nao wamesoma zaidi ya kilichoandikwa.

Tukitaka kuona jambo hili likifanywa sawasawa hatuna haja ya kwenda Ulaya. Tutazame Misri. Miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa 1980 serikali yao ilipambana na kichocho kwa kuwadunga watu sindano vijijini, na sindano hizo, kwa kutosafishwa vizuri, zikasambaza homa ya ini C kwa kiasi ambacho dunia haikuwa imekiona. Nia njema, msiba mkubwa. Mwishoni mwa 2018 wakaanza kampeni ya kuwapima watu wazima nchi nzima, na ndani ya miezi saba tu wakawapima takribani milioni 50. Walianza kwa kijiti cha kingamwili, kama chetu. Zaidi ya milioni 2 wakaitikia. Lakini hawakuishia hapo: aliyeitikia alipelekwa kupimwa kirusi chenyewe, na karibu robo ya waliopimwa mara ya pili wakakutwa hawana kirusi. Wenye kirusi wakapewa dawa bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huo.

Robo! Fikiria kama Misri ingetumia mtindo wa dirisha letu la medikali. Mamia ya maelfu ya watu wangeitwa wagonjwa wakiwa wazima.

Najua kuna atakayesoma makala hii akasema, "Basi na mimi kipimo changu kilikosea." Tafadhali. Ukiitikia HBsAg, uwezekano mkubwa ni kwamba unayo kweli, hasa kama hukuchanjwa karibuni. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga mwishoni mwa 2001, kwa hiyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tulikua bila kinga hiyo isipokuwa aliyejitafutia. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka mingi ukila ini, na mtu hushtuka tumbo limejaa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 homa za ini B na C ziliua watu milioni 1.3. Anayeitikia arudie kipimo haraka, na kikithibitika aende kliniki akapimwe ini na wingi wa kirusi. Dawa ya B ipo, tenofovir, ndiyo hiyo inayotumika pia katika matibabu ya ukimwi, na wengine wala hawahitaji kuanza dawa mara moja. Mume au mke na watoto wapimwe, wachanjwe. Na shangazi aache vikombe: homa ya ini B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Haipiti kwenye sahani ya wali.

Kinachonikasirisha ni kwamba kipimo cha pili hakiko mbali nasi. Zile mashine za GeneXpert ambazo hospitali za kaunti za Pwani zinatumia kutafuta kifua kikuu kwenye makohozi, mashine hizohizo zinaweza kutafuta kirusi cha homa ya ini C kwenye damu ukibadilisha katriji tu. Mashine ipo, fundi yupo. Kinachokosekana ni katriji na mtu wa kuweka saini. Wakati huohuo mtu wa Lamu au Tana River anayeambiwa ameitikia anaelekezwa Mombasa, na akifika Mombasa anatajiwa bei ambayo ni mara nyingi ya bei ya kijiti, anarudi nyumbani na jibu nusu. Hilo jibu nusu ndilo litakalotembea naye mtaani.

Na si safari za Ghuba pekee. Siku hizi wazee wengi wanadai karatasi za damu kabla ya nikahi, na mimi siwalaumu, nina mabinti. Lakini nikahi yenyewe haipiti kwa shahidi mmoja, sasa inakuwaje tunaivunja kwa kijiti kimoja? Mzee wa mskiti wetu aliponiuliza afanye nini wakileta karatasi za namna hiyo, nilimwambia asome herufi zote, aulize ni kipimo gani na kimerudiwa lini, na akiona hajui, asitoe neno mpaka aliyesomea alitoe. Alinijibu kwamba hilo la mwisho ndilo gumu kwa wazee.

Nimeipelekea ofisi ya afya ya kaunti yetu maswali matatu kwa maandishi. Ni maabara ngapi za binafsi zinazopima homa ya ini zilizokaguliwa joto la stoo zao mwaka huu? Je, anayeitikia kipimo cha C hospitali ya kaunti anapimwa kirusi hapohapo, na kwa shilingi ngapi? Na je, kaunti inaweza kuwatakia wasafiri wa Ghuba kwamba jibu la kwanza lisipelekwe kwa ajenti kabla ya la pili kutoka na mwenyewe kuelezwa? Nina muhuri wa kupokelewa barua wa Jumatatu iliyopita. Wakijibu, nitayaleta hapa kama yalivyo. Wasipojibu, nitaleta ule muhuri.

Binti wa jirani amemaliza sindano ya tatu ya chanjo. Anauza bajia jioni pale kona, na ameshakata fomu kwa ajenti mwingine. Kikombe chake bado kina alama.